KUTIRIRISHA, KUPAKUA NA KUSIMBA: ISTILAHI ZA VIDEO ZA NYUMBANI

Katika makala haya tumekusudia kueleza istilahi chache zinazohusu kazi moja ifanyikayo majumbani siku hizi, yaani kuitumia kompyuta kuwa ghala la video na kuzipeleka video hizo kwenye mashine ya michezo iliyounganishwa na televisheni. Kazi yenyewe ni nyepesi, lakini maneno yake yana utata, na utata huo huwagharimu watu fedha.

Tuchukue mfano wa nyumba moja huko Bungu, Wilaya ya Kibiti, kando ya barabara iendayo Kilwa na Lindi. Sebuleni mna televisheni na mashine ya PlayStation 3. Chumbani mna kompyuta yenye filamu tele. Kila jioni watoto hunakili filamu moja kwenye flashi, wakaichomoa na kuipeleka sebuleni. Mwenye nyumba akiambiwa kwamba anaweza kuzitiririsha filamu hizo, atajibu mara moja kuwa hana bando la kutosha. Jibu hilo halikutokana na ujinga, bali limetokana na jinsi tulivyolitumia neno.

Kitenzi tiririka hueleza mwendo wa maji yaendayo mfululizo. Kikinyambuliwa, tunapata tiririsha. Mkazi wa delta ya Rufiji hahitaji kufundishwa tofauti iliyopo kati ya maji ya mkondo na maji yaliyokwisha kutiwa mtungini. Kupakua, kwa upande wake, ni neno la bandarini na jikoni: shehena hushushwa chomboni, na chakula hutolewa chunguni. Katika kompyuta, mwenye kupakua hupokea faili nzima na kuiweka kwake. Mwenye kutiririsha hutazama kadiri video inavyofika, na ikishapita hakuna faili inayobaki mikononi mwake.

Ni dhahiri, basi, kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi viwili kinachotaja maji yanatoka wapi. Intaneti haimo katika maana ya kutiririsha. Imeingizwa na mazoea tu, kwa kuwa wengi wetu tulilisikia neno hili kwanza katika habari za filamu zitokazo ng'ambo.

Hebu sasa tuitazame kazi yenyewe. Vyombo vinavyohitajika ni vitatu:

(a) Seva. Hii ni kompyuta itoayo video. Si lazima iwe mashine ya pekee. Kompyuta yoyote ya nyumbani huwa seva ikiwekewa programu ya kazi hiyo na kuonyeshwa folda zenye filamu.

(b) Ruta. Hiki ni chombo kinachounganisha vifaa vya nyumba moja, kwa waya au kwa waifai.

(c) Mpokeaji. Hapa ni mashine ya michezo. Mwaka 2003 makampuni kadhaa ya vifaa vya elektroniki yaliunda umoja uliokuja kuitwa DLNA ili vifaa vyao vielewane. Ndiyo sababu PlayStation 3, iliyotolewa mwaka 2006, huweza kuitambua yenyewe seva iliyo katika mtandao wa nyumba na kuorodhesha filamu zake.

Tufanye hesabu. Filamu ya gigabaiti 2 yenye dakika 120 huhitaji takriban biti milioni 2.2 kwa sekunde. Hata waifai ya zamani, iliyotangazwa kuwa na uwezo wa biti milioni 54 kwa sekunde, huumudu mzigo huo, ijapokuwa uwezo wake halisi hauifikii hesabu hiyo. Filamu hutoka chumbani, hupita kwenye ruta, huingia sebuleni. Bando halipungui hata kidogo. Laini ya intaneti ikikatika, filamu huendelea. Lakini filamu hiyo hiyo ikiletwa kutoka nje kwa simu, gigabaiti 2 zitatoka mfukoni mwa mtazamaji.

Lipo jambo moja linaloweza kuleta kikwazo. Kila video imehifadhiwa kwa msimbo fulani, na si kila mashine iujuayo kila msimbo. Hapo hupatikana jozi ya simba na simbua, inayofuata kanuni ya funga na fungua, pakia na pakua. Neno kisimbuzi lilienea nchini wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ingawa mitaani king'amuzi ndilo lililozoeleka zaidi. Mashine isipoweza kuisimbua video, seva hulazimika kuisimba upya papo hapo. Kompyuta dhaifu ikishindwa, picha hukwamakwama, na ruta hulaumiwa bure. Kwa wanaohofia kwamba simba litachanganywa na mnyama, tunajibu kuwa kiambishi ku- na muktadha vinatosha kuondoa shaka.

Aidha, neno mbashara lisichanganywe na kutiririsha. Mbashara huhusu wakati wa tukio. Mpira urushwao kwa antena wakati unachezwa ni mbashara bila kutiririshwa. Filamu ya miaka 30 iliyopita hutiririshwa bila kuwa mbashara.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wafasiri wa vitabu vya maelekezo na waandishi wa matangazo ya umma wataje chanzo kila mara: kutiririsha kwa intaneti, au kutiririsha ndani ya nyumba. Pili, walimu waanze na mkondo na shehena kabla ya kufikia kompyuta. Mwanafunzi akishajua ni maji gani yanayotiririka, na yanatoka kisima cha nani, atajua pia ni nani anayelipa.