Ahadi ya JavaScript si pesa mkononi

Duka la Embulbul, katika kaunti ya Kajiado, linalouza unga kupitia tovuti hutuma ombi la malipo ya M-Pesa hadi kwenye simu ya mnunuzi. Mnunuzi huitazama simu, hufikiri, pengine hutafuta miwani, ndipo aiandike nambari ya siri. Sekunde hizo chache ndizo zinazowatatiza wengi wanaoanza kuandika programu kwa lugha ya JavaScript.

Kwa kawaida fanksheni hupewa kazi na kurudisha jibu papo hapo. Ombi la malipo halina jibu la papo hapo. JavaScript, iliyoundwa na Brendan Eich mwaka 1995 alipokuwa Netscape, hutekeleza maagizo yake katika mkondo mmoja. Lau ingesimama kumngojea mteja, shughuli nyingine zote zingekwama. Kwa hivyo husonga mbele, na mwanagenzi aliyeweka neno return ndani ya sehemu inayopokea jibu huambulia patupu, maana wakati huo fanksheni ya nje ilikwisha kumaliza kazi yake zamani.

Dawa yake iliingizwa rasmi katika lugha hiyo mwaka 2015. Fanksheni hurudisha ahadi, yaani kitu kinachoshika nafasi ya thamani ambayo haijafika. Ahadi huwa inangojewa, imetimizwa au imekataliwa. Ikishaamuliwa haigeuki tena, jambo ambalo wanadamu hawajaliweza. Anayeitaka thamani hutumia then au, tangu mwaka 2017, hutanguliza await ndani ya fanksheni iliyotangazwa kuwa async. Nayo fanksheni hiyo hurudisha ahadi, hivyo anayeiita sharti angoje vilevile.

Hatari ipo hapa. Katika Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, jibu la kwanza lenye nambari 0 humaanisha tu kwamba ombi limepokewa. Ahadi imetimizwa, pesa hazijalipwa. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwa ujumbe mwingine unaotumwa kwenye anwani ya mtandao ya mfanyabiashara: 0 malipo yakikamilika, 1032 mteja akighairi. Programu inayotoa risiti kwa kutegemea jibu la kwanza hugawa unga bure.

Mwandishi mwangalifu huhifadhi nambari ya ombi iliyokuja na jibu hilo, huunda ahadi yake mwenyewe, kisha huitimiza pale tu ujumbe wenye nambari hiyo hiyo unapowasili na kuthibitisha malipo. Huweka pia kikomo cha muda, kwa kuwa simu huzimika na mtandao hupotea. Muda ukiisha, programu yake huuliza Daraja hali ya malipo kabla ya kumtaka mteja alipe mara ya pili.