Umri na Akili: Kinachopungua, Kinachoongezeka na Kinachohitaji Tiba

Wapo wanaosema kuishi kwingi ni kuona mengi, na wapo wanaoamini kuwa mtu akizeeka hurudi utotoni. Utafiti wa saikolojia unaonesha kuwa kila kauli ina sehemu yake ya ukweli, kwa kuwa akili ya binadamu si kitu kimoja kinachopanda au kushuka kwa pamoja.

Mwanasaikolojia Raymond Cattell, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Marekani, aligawa akili katika sehemu mbili. Ya kwanza ni uwezo wa kutatua jambo jipya kwa haraka. Ya pili ni maarifa yanayotokana na elimu na uzoefu, kama vile msamiati na ujuzi wa kazi. Sehemu ya kwanza huanza kupungua taratibu mapema katika utu uzima, lakini ya pili huendelea kukua kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana kijana huzoea simu mpya kabla ya bibi yake, ilhali bibi huyo huyo ndiye anayeitwa kusuluhisha mgogoro wa ukoo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa akili yote huporomoka baada ya ujana, kwa sababu watafiti walilinganisha vijana na wazee waliopimwa wakati mmoja. Ulinganisho huo ulikuwa na kasoro: wazee wengi walikuwa wamesoma miaka michache kuliko vijana, hivyo tofauti ya elimu ikahesabiwa kuwa tofauti ya umri. Kuanzia mwaka 1956, K. Warner Schaie alifuatilia watu katika eneo la Seattle, Marekani, akiwapima tena kila baada ya miaka 7. Ilibainika kuwa kasi ya kufikiri hupungua mapema, lakini uwezo mwingine mwingi hubaki imara hadi karibu na miaka 60, na baada ya hapo kushuka hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa msingi huo, miaka 60, ambayo nchini Tanzania ni umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma, haipaswi kuchukuliwa kuwa ukomo wa akili.

Hata hivyo, si kila kusahau ni matokeo ya umri. Kusahau ulipoweka funguo kisha ukakumbuka ni jambo la kawaida. Kupotea njia ya nyumbani, kushindwa kuwatambua watoto au kubadilika tabia kunaweza kuwa dalili za demensia, ambayo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na hali hiyo. Wakati mwingine chanzo cha kusahau ni tatizo linalotibika, kama sonona, hitilafu ya tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12.

Kutojua tofauti hiyo kunaweza kugharimu maisha. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, wazee, hasa wanawake, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yanayosababishwa na moshi wa kuni. Mzee anayekutwa usiku katika uwanja wa jirani asijue alipo anahitaji daktari na ulinzi wa familia, si tuhuma.

Wananchi wanashauriwa kumpeleka mzee kituo cha kutolea huduma za afya mara dalili zinapoonekana. Aidha, kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kuacha sigara, kufanya mazoezi, kutibu matatizo ya usikivu na kutomwacha mzee katika upweke hupunguza hatari ya demensia. Kinga hiyo huanza mapema maishani, kwani hata elimu anayoipata mtoto leo husaidia kuilinda akili yake atakapozeeka.