Seivu Tu, Seva Ijiamshe

Morio wangu alikulia Pinga, pale Masisi inakutana na Walikale, Kivu Kaskazini. Saa hii tuko naye Kayole, tunachapa koding keja moja, na yeye ndiye alinifunza kuheshimu chaji.

Cheki vile mimi nilikuwa nafanya. Nabadilisha laini moja, narudi taminali, Ctrl na C kuzima seva, mshale wa juu, Enta kuiwasha tena. Nacheki brauza: mabano haijafungwa. Narudia tena. Masaa mbili zimeisha, kichwa imechoka na lapi inalia. "Kwetu stima ni ya jua tu, ndugu," morio akanishow. "Mawingu ikifunga, mashini inazimika."

Mbogi ya Node ilistukia hii noma kitambo. Ryan Dahl alitoa Node, ile inarun JavaScript nje ya brauza, 2009, na 2010 Remy Sharp wa Uingereza akaangusha nodemon. Hiyo inakaa rada kwa mafaili zako. Ukiseivu tu, inazima seva na kuiwasha tena. Wasee wa Django, ile ya Python, nao wako na hiyo kitu ndani ya runserver.

Ile imenibamba zaidi iko ndani ya Node yenyewe, tangu 18.11 ya Oktoba 2022. Unaandika node --watch app.js, basi. Hakuna kudaunlodi, bando inabaki. Node ikikufikia kwa flashi, unachapa kazi hata mahali netiweki haifiki.

Tulipatana na ngori moja, manze. Programu ya morio wangu ya kuhesabu magunia ya maharagwe ilikuwa inaandika mauzo kwa faili ya JSON, folda ileile nodemon inawatch. Kila gunia likiingia, seva inajizima! Tulisaka hiyo kitu hadi usiku. Dawa ilikuwa --ignore data/, laini moja tu. Ile ya --watch haingesumbua hivyo, juu inafuata tu mafaili zenye programu imeita.

Na -L ya nodemon iache ka huihitaji. Hiyo inauliza diski kila saa kama kuna kitu imebadilika, na betri ndiyo inalipa. Linux iko na inotify, kerneli yenyewe inakushtua faili ikiguswa.

Kitu umeweka kwa memori tu inapotea kila seva ikiamka, so mauzo ya watu weka kwa databezi. Alafu andika node -v ucheki. Ka ni 18.11 ama juu yake, anza leo.