Je, wajua? Mbuyu usio na majani haujafa

Mwezi Agosti, karibu na magofu ya Kunduchi, mibuyu husimama na matawi matupu, na mgeni hudhani imekauka. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini ya ile ngozi ya kijivu kuna utando wa kijani kibichi, nao huendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua wakati majani hayapo.

Miti mingi ya Ulaya hupukutisha majani majira ya baridi, nasi tunasema inakimbia baridi. Kwa sehemu kubwa inakimbia kiu. Maji ya ardhini yakiganda, mizizi hainyonyi kitu, ilhali jani lingeendelea kupoteza maji hewani. Basi mti huvuta naitrojeni kutoka majanini, huziba pale kikonyo kinapoungana na tawi, kisha huliacha jani lidondoke. Ndani ya seli sukari huongezeka ili zisigande upesi. Mkungu nao hufanya sehemu ya kazi hiyo hapahapa Dar: yale majani mekundu yanayofagiliwa nyuani Mbagala yameshanyang'anywa virutubisho kabla hayajaanguka.

Mbuyu haujajiandaa kwa sakitu. Shina lake limejaa maji, na mche wake ukipigwa na barafu hufa. Wengi husema maji hayo ni ya kunywa kiangazi kizima. Watafiti waliopima mibuyu ya Madagaska na kutoa matokeo yao mwaka 2006 waliona vingine: mti huyatumia kuchipusha majani mapya kabla ya mvua, na vitundu vya majani hayo havifunguki sawasawa mpaka mvua inyeshe.

Kuhamisha mti nako ni kuutia kiu, kwa sababu vinyweleo vya mizizi vinakatika huku majani yakidai maji yaleyale. Ndiyo maana wazungu huhamisha miti yao ikiwa haina majani. Julai 2008 Waaustralia waliubeba kwa lori mbuyu wa tani 36 kutoka Kimberley hadi bustani ya Kings Park, Perth, kilomita 3,200. Kwao Kimberley mvua hunyesha wakati wa joto, Perth hunyesha wakati wa baridi, na mti ulilazimika kuzoea kalenda mpya. Uliishi.

Mwembe na mchungwa haibaki bila majani, kwa hiyo sisi tunangoja masika, kuanzia Machi. Panda jioni, punguza majani, na usiuzike mche pamoja na kiriba chake. Kichane kwa wembe uangalie chini: mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba ndani ya ndoo, kata ile ya nje, la sivyo itaendelea kuzunguka shimoni na kuukaba mti ukikua. Na mche mrefu wenye majani tele ndani ya kiriba kidogo, hata muuzaji akikupunguzia bei, mwachie.