Islandi: Húsavík, mji wa wavuvi unaoishi kwa kutazama nyangumi

Kila kiangazi, katika bandari ya Húsavík, kaskazini mwa Islandi, mashua za mbao zilizokuwa zikivua samaki hutoka zikibeba watalii pahali pa nyavu. Wanaenda kutazama nyangumi na hawarudi na kitu isipokuwa picha. Lakini katika inchi hiyo hiyo, sheria ingali inaruhusu kumwinda mnyama huyo kwa ajili ya nyama. Kati ya kazi hizo mbili, Islandi haijachagua bado.

Húsavík ni mji mdogo wa wakaaji wapatao 2,500, kando ya ghuba ya Skjálfandi, karibu na mstari wa Aktiki. Mwezi wa sita, giza haliingii kabisa usiku. Zamani watu waliishi hapo kwa uvuvi. Leo mji unajulikana duniani juu ya nyangumi.

Kumtafuta kwa pumzi yake

Safari huchukua muda wa saa tatu hivi. Hata katikati ya kiangazi upepo wa ghuba ni mkali, kwa hiyo kila msafiri hupewa ovaroli nzito kabla ya kuondoka. Mwongozaji hupanda juu na kutazama maji. Anachotafuta ni pumzi: nyangumi si samaki, ana mapafu kama sisi, na lazima atokeze juu kuvuta hewa. Akiitoa, mvuke hupanda mita kadhaa na huonekana toka mbali.

Ili kila mtu ajue upande wa kutazama, mwongozaji hutumia uso wa saa: namba 12 ni mbele ya mashua, 3 ni kuume, 6 ni nyuma. Akitaja namba, watu wote hugeuka.

Anayeonekana sana ni nyangumi mwenye nundu, mwenye urefu wa mita 15 hivi na uzito wa tani 30, sawa na tembo wakubwa watano. Mwanzoni mwa kiangazi hupita pia nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kufikia mita 30. Hata hivyo, hakuna anayeweza kuahidi: kuna siku bahari huonyesha mawimbi tu. Wakati wa kurudi, abiria hunywa chokoleti ya moto na kula mkate wa mdalasini.

Nyangumi huja Skjálfandi juu ya chakula. Mito inaingiza rutuba ndani ya ghuba, mwanga wa kiangazi ni mrefu, na viumbe vidogo pamoja na samaki wadogo huzaana kwa wingi. Nyangumi hula miezi yote hiyo ili kuweka akiba ya mafuta. Majira ya baridi yakifika, wengi huteremka kwenye maji ya joto kuzaa: wengine Karibea, wengine visiwa vya Cape Verde, mbele ya pwani ya Senegali. Watafiti wamejua hayo kwa kulinganisha picha za mikia, kwa sababu alama zilizo chini ya mkia wa kila nyangumi hazifanani na za mwingine, kama alama za vidole vya mtu. Kituo cha Chuo Kikuu cha Islandi kilichoko Húsavík hufanya utafiti wake kikipanda mashua hizo hizo za watalii.

Mashua za zamani, kazi mpya

Kazi hiyo ilianza Húsavík mwaka wa 1995, wakati ndugu wawili walipotengeneza upya mashua ya mbao iliyokuwa imebaki bila kazi. Mwaka wa 1997 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho ya nyangumi, ambayo leo iko ndani ya machinjio ya zamani. Kabla ya Corona, watalii waliopanda mashua za nyangumi katika Islandi yote walipita 300,000 kwa mwaka, hesabu inayokaribia ile ya wakaaji wa inchi. Pesa hazibaki kwa wenye mashua peke yao: zinafika kwenye hoteli, mikahawa, na kwa mafundi wa mbao.

Kutazama nako kuna hatari zake. Mashua nyingi zikimzunguka mnyama mmoja, anashindwa kula kwa utulivu. Ndiyo maana kampuni za Islandi zilijiwekea masharti: kupunguza mwendo, kutomfuatia kwa mbio na kutomkatia njia.

Chusa hakijatupwa

Tume ya kimataifa ya nyangumi iliamua mwaka wa 1982 kusimamisha uwindaji wa biashara, kuanzia 1986. Lakini Islandi, Norwe na Japani zingali zinauruhusu. Kule Islandi, kampuni ya Hvalur huwinda nyangumi pezi, wa pili kwa ukubwa duniani, na nyama huuzwa Japani.

Mwaka wa 2022 waliuawa 148. Ripoti ya mamlaka ya chakula na mifugo ilionyesha kwamba 36 kati yao walipigwa zaidi ya mara moja. Tarehe 20 mwezi wa sita 2023, waziri Svandís Svavarsdóttir alisimamisha uwindaji mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Ulipofunguliwa tena, 24 waliuawa. Kiangazi cha 2024 na cha 2025 kampuni haikuwinda, lakini mwezi wa 12 mwaka wa 2024 serikali ilikuwa imeipa kibali cha miaka mitano.

Wanaoutetea uwindaji wanasema bahari ni mali ya inchi, na kwamba nyangumi pezi wa eneo hilo ni wengi. Wanaoupinga wanajibu kwamba nyangumi aliyeuawa huuzwa mara moja, bali aliye hai hulisha mji kila kiangazi.

Ndugu yake yuko kwetu

Mabishano hayo si mageni kwetu. Wanasayansi wanasema kati ya wanyama wote wa inchi kavu, kiboko ndiye ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi: walikuwa na babu mmoja, zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Katika miaka ya 1970, viboko wa mbuga ya Virunga, upande wa Ziwa Edward, walipita 20,000. Miaka thelathini baadaye hawakufika hata 1,000, baada ya kuuawa kwa bunduki kwa ajili ya nyama na meno. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanajua hasara yake, kwa sababu mavi ya kiboko ndiyo yanayorutubisha maji yanayolisha samaki.

Ni kweli, Húsavík ina amani, na Ziwa Edward limezungukwa na makundi yenye silaha. Mtalii haendi penye risasi. Lakini huko kaskazini, mnyama hakulindwa kwa hotuba. Alilindwa siku wenye mashua, watu wa pale pale, walipoanza kupata chakula kwa kumwacha hai. Amani ikirudi ziwani, wavuvi wake watahitaji kupewa nafasi kama hiyo.