Mzee wa Picha na Sanduku Lililobaki

Je, ndugu msomaji, unayo picha ya mama yako alipokuwa msichana? Iko wapi? Ukutani, ndani ya Biblia, au chini ya godoro pamoja na vyeti vya ubatizo? Ukiipata leo, igeuze uangalie nyuma. Huenda ukakuta mhuri wa studio, na huenda studio hiyo haipo tena.

Sisi ni wauguzi na watumishi wa kujitolea wa kanisa hapa Mashewa, wilaya ya Korogwe. Si mafundi wa picha. Lakini tulifanya kosa moja, na kosa hilo likatufundisha habari za kamera za zamani za filamu pana kuliko tulivyotazamia. Tumeona si vema kukaa kimya, maana huenda na wewe unakaribia kufanya kosa lile lile.

KOSA LETU

Hapa kwetu alikuwepo mzee ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee wa Picha. Wengi wetu tulipigwa picha naye tukiwa watoto, tumesimama wima kama askari, mikono ubavuni, mbele ya shuka jeupe lililotundikwa barazani. Alipofariki miaka michache iliyopita, sisi akina mama tulikwenda kumsaidia mjane kama ilivyo desturi: kupika, kuchota maji, kufagia na kupokea wageni.

Siku ya tatu baada ya maziko tuliingia kusafisha chumba cha uani. Tukakuta masanduku matatu ya mbao yamejaa bahasha, na ndani ya bahasha vipande vya filamu. Moja lilikuwa likinuka kama siki. Tukasema ni uchafu. Tena sisi wauguzi ndio tuliosema kwa sauti kubwa zaidi, kwamba takataka za namna hiyo huleta mende na maradhi. Masanduku mawili tuliyatoa uani, tukayachoma moto. La tatu mama mjane alikuwa amelikalia, nasi kwa heshima hatukumwinua.

Miezi minne baadaye alitujia zahanati bibi mmoja wa kanisani kwetu, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini. Alikuwa amebeba kitu mikononi, amekifunika kwa kanga kama anayeleta mtoto mgonjwa. Ilikuwa ni fremu ya picha. Mwaka 1976 alipigwa picha na binti yake wa kwanza siku ya ubatizo wa mtoto huyo. Mwaka uliofuata mtoto alifariki kwa surua, ugonjwa ambao siku hizo ulikuwa ukichukua watoto wengi. Picha hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Wakati wa masika paa lilivuja, picha ikanata kwenye kioo, na mjukuu kwa nia njema akajaribu kuibandua. Uso wa mtoto ukabaki kwenye kioo, vipande vipande.

“Wanangu,” bibi alituuliza, “ninyi mnaoshona vidonda, hamwezi kunishonea na hiki?”

Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikumbuka ule moto uani.

TUKARUDI KWA MJANE

Jioni ile ile tulikwenda nyumbani kwa mjane. Tulimwamkia, tukakaa chini, tukakiri kosa letu. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Sanduku moja lipo. Ninyi mlidhani nimechoka, kumbe nilikuwa nalilinda.”

“Mbona hukutuambia, mama?”

“Mngenisikiliza? Ninyi mlikuwa wengi, na mimi nilikuwa mjane wa siku tatu.”

Hatukuwa na jibu. Naye hakutukemea zaidi. Aliingia ndani akatoka na lile sanduku, na kitu kingine kilichofungwa ndani ya kitenge. Ilikuwa ni kamera ya marehemu, aina ya Yashica Mat iliyotengenezwa Japani. Kwa muda wa majuma kadhaa baadaye, huku tukipekua bahasha moja moja, mama huyo alitufundisha yale aliyoyajua. Na alijua mengi, maana miaka yote ile yeye ndiye aliyeshika shuka, aliyechota maji na aliyesuuza picha.

KAMERA YA MACHO MAWILI

Kamera hii ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kutazamia na ya chini ndiyo inayopiga. Mpiga picha haiweki jichoni. Huishika kifuani au tumboni, huinamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu yake. Ndani kuna kioo cha kuakisi kinachoinua sura ya mtu hadi pale, ila kulia huonekana kushoto. Ndiyo maana Mzee wa Picha alipokuwa akitupanga tulimwona kama anayesali.

Kwa kuwa jicho la kutazamia liko juu kidogo ya lile linalopiga, mtu akiwa karibu sana huweza kukatwa kichwa. Fundi mzoefu huacha nafasi juu ya kichwa. Lenzi ya kamera hii ni ya milimita 80, ambayo kwa filamu ya ukubwa huu humwonyesha mtu kwa umbo lake, bila kumnenepesha pua wala kumrefusha uso.

Filamu yake huitwa namba 120. Kampuni ya Kodak ya Marekani iliitoa mwaka 1901, na hata leo bado inatengenezwa. Upana wake ni kama sentimita 6, imefungwa pamoja na karatasi inayoizuia mwanga, na mkanda mmoja hutoa picha 12 tu za mraba. Kumi na mbili, mama! Siku hizi mtu hupiga kumi na mbili za sahani ya wali kabla hajala. Mzee alikuwa na picha kumi na mbili za kugawa kwa harusi nzima, kwa hiyo alimtazama kila mtu vizuri kwanza, akamfunga kifungo, akamfuta mtoto kamasi, ndipo akabonyeza.

Faida kubwa ya filamu hii ni ukubwa wa negativu, yaani ile filamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo penye weupe huonekana peusi na penye weusi huonekana peupe. Eneo la negativu moja ni zaidi ya mara tatu na nusu ya eneo la ile ya kamera ndogo za milimita 35. Mambo mengi madogo madogo huhifadhiwa humo: ushanga wa shingoni, ukucha, kope za mtoto.

Ni kwa sababu hiyo hiyo wanaanga wa Marekani walipotua mwezini mwaka 1969 walibeba kamera za Hasselblad kutoka Sweden, zinazotumia filamu pana. Hizo lenzi zake huweza kubadilishwa. Yashica ya mzee wetu haikuwa na anasa hiyo. Akitaka kumsogeza mtu, alisogea yeye.

MWANGA WA BARAZANI

Katika studio za mjini taa mbili zilitosha. Kubwa huwekwa ubavuni mwa mpiga picha, juu kidogo ya uso wa anayepigwa. Ndogo huwekwa upande wa pili ili kivuli kisiwe kizito mno. Ni vema kujua kwamba ukiisogeza taa mbali mara mbili ya pale ilipokuwa, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo, wala si nusu.

Mzee wa Picha hakuwa na umeme. Studio yake ilikuwa baraza. Hakupenda jua la saa sita, maana hufanya macho kuwa mashimo meusi. Aliwakalisha watu kivulini, pembeni karibu na uwazi, na mke wake akasimama upande wa pili ameshika shuka jeupe ili kurudisha mwanga usoni. Kwa filamu ya kawaida kwenye jua kali alitumia tundu la lenzi namba 16 na kasi ya sehemu ya 125 ya sekunde. Kivulini alifungua hadi namba 5.6. Hapa wengi huchanganyikiwa: namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa.

Bibi harusi ndiye aliyempa taabu. Gauni jeupe huidanganya mashine ya kupima mwanga. Hudhani kila kitu kinang’aa, na uso mweusi wa bibi harusi hutoka kama mkaa. Kwa hiyo mzee alipima usoni, si kwenye gauni, akafungua tundu kidogo zaidi. Kosa hili halikuwa letu sisi peke yetu. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebishia rangi zao kwenye kadi zilizoitwa “Shirley”, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi nyeusi haikufikiriwa. Hata simu yako leo, ukimpiga mtu aliyevaa nyeupe, igusie usoni kwanza.

CHUMBA CHA GIZA

Sisi wauguzi tuliosoma zamani kidogo tulipoelezwa sehemu hii tulicheka, maana tuliiona hospitali kwenye filamu za eksirei. Hatua ni zile zile: dawa ya kuitoa sura, dawa ya kuigandisha isifutike, kisha maji safi kwa muda mrefu. Dawa hupendelea nyuzi 20 hivi za joto, na Mashewa ni joto. Mzee alifanya kazi usiku, kwa maji yaliyolala mtungini. Taa yake ilikuwa kandili iliyofunikwa kitambaa chekundu, ambayo haiharibu karatasi ya picha nyeusi na nyeupe. Filamu yenyewe aliiingiza kwenye dawa gizani kabisa.

Hapa ndipo filamu pana ilipowafaa watu wa vijijini. Negativu ya milimita 35 ni ndogo mno, hapana budi ikuzwe kwa mashine yenye taa ya umeme. Lakini hii ya sentimita 6 ililazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, ikabanwa kwa kioo, ikamulikwa kwa kandili kwa sekunde chache. Picha ilitoka kama inchi mbili kwa mbili, inayofaa kitambulisho na kutumwa kwa barua.

Kusuuza ilikuwa kazi ya mke. “Ndoo sita kwa filamu moja,” alituambia. Picha isiyosuuzwa vizuri hugeuka njano. Za mzee huyu hazijageuka.

SI MASHEWA TU

Tusidhani mambo haya ni ya kijijini kwetu pekee. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipiga picha za maharusi na familia za Waswahili, Waarabu na Wahindi kuanzia miaka ya 1940. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, hodari wa kuunganisha picha mbili au zaidi kuwa moja. Leo picha za mabwana hawa zinatafutwa na watafiti na kuonyeshwa ng’ambo. Zilidumu kwa sababu kuna watu wa nyumbani waliozitunza.

BAHASHA YA MWAKA 1976

Tuliipata usiku wa nane. Bahasha iliandikwa kwa penseli “Ubatizo, 1976”. Kuvu ilikuwa imekula pembe moja, lakini bibi na mtoto walikuwa wazima. Tuliiweka negativu juu ya karatasi nyeupe dirishani, tukaipiga kwa simu, kijana mmoja wa kwaya akageuza rangi kwa programu ya simu, na picha ikachapwa Korogwe mjini. Kwa kuwa negativu ni kubwa, tuliweza kuukuza uso wa mtoto peke yake.

Bibi aliishika muda mrefu. Kisha akasema, “Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na kidimbwi shavuni.” Hakusema zaidi.

Lakini habari zikaenea, na wengine wakaja: mama anayetafuta sura ya mumewe, vijana wasiowahi kumwona baba yao. Wachache tuliwapata ndani ya lile sanduku. Waliobaki ilitulazimu kuwaambia ukweli, kwamba tuliwachomea.

TUFANYE NINI?

Akina mama, haya machache yanawezekana katika kila nyumba:

1. Weka negativu katika bahasha za karatasi, mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko na ukuta unaovuja. Usizifunge ndani ya mifuko ya plastiki, hupata jasho.

2. Zikinuka siki, zimeanza kuharibika. Zitenge na nyingine, uzipige nakala upesi. Usizitupe.

3. Andika majina na mwaka nyuma ya picha kwa penseli laini, wakati bibi bado yupo wa kukutajia.

4. Picha iliyonata kwenye kioo usiibandue kwa nguvu. Ipige nakala ikiwa papo hapo kiooni. Zilizonatana zenyewe kwa zenyewe loweka katika maji safi ya baridi, zitenganishe taratibu, uzianike kivulini zikiangalia juu.

5. Lenzi na kamera visifungiwe kwenye mkoba wa ngozi miaka mingi, huota kuvu. Vipate hewa na mwanga.

6. Picha za simu nazo chagua kumi na mbili kila mwaka, uzichape.

Na mwisho, utakapokwenda kusafisha nyumba ya mfiwa, kabla hujawasha moto uani, keti kwanza karibu na mjane. Muulize kwa upole ni kitu gani amekikalia.