Kupiga Picha za Vitu Vidogo Nyumbani

Mwezi huu twataka kunena habari ya kazi ambayo watu wengi huidhani kuwa mchezo wa watoto au anasa ya wenye mali, yaani kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu sana: jicho la buibui, mguu wa nyuki, chavua ya ua, kichwa cha kiwavi. Sisi wenyewe tulikuwa na mawazo hayo hayo. Walakini msimu wa mvua uliopita kazi hii ilimwokoa mama mmoja mzee katika fedheha kubwa, na kwa hiyo twaona si haki kunyamaza.

Mambo yalikuwa hivi. Mahindi ya jirani yetu yalikuwa yamefika magotini, mazuri ya kupendeza. Katika juma moja majani yakaanza kutoboka, na ndani ya moyo wa mmea yakaonekana mabaki kama unga wa msumeno uliolowa maji. Shamba linalopakana na lake ni la bibi mjane, naye amepanda muhogo mtupu. Muhogo ule haukuguswa hata jani moja. Basi watu wakaanza kunong'ona: mbona la huyu limeliwa na la yule limesalia? Jumapili iliyofuata, bibi alipoketi mahali pake kanisani, wanawake wawili waliinuka wakahamia benchi la nyuma. Jumapili ya pili hakuja.

Nasi twakiri mbele yenu kwamba hatukwenda kwake siku ile ya kwanza. Tulisema moyoni, maneno haya yatapita. Hayakupita.

Tulipoona hivyo tulikwenda shambani, tukafunua moyo wa muhindi mmoja, tukamkuta kiwavi amejificha. Tukawaambia wazee, "Tazameni, mwizi ni huyu." Wakajibu, "Viwavi tumeviona tangu utoto wetu, Mwalimu, wala havikula namna hii. Hiki kimetumwa." Ikatupasa kuonyesha kiwavi huyu ni wa aina gani, na ametoka wapi. Bwana shamba akaa mbali nasi, na njia ilikuwa imeharibiwa na mvua. Tukachukua simu yetu, tukaisogeza hata ikakaribia kumgusa mdudu, tukapiga picha, tukampelekea. Jibu lake lilikuwa fupi: "Sioni kichwa. Nipigie picha ya kichwa na ya upande wa mkia, iwe wazi." Jirani yetu naye alipoitazama picha ile aliuliza, "Mwalimu, hili ni wingu au ni mdudu?" Watu wakacheka, na neno la bibi likazidi kuenea.

Ndipo tulipojua kwamba picha isiyo wazi ni shahidi asiyejua alichokiona. Tukamwendea mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye hupenda kazi ya picha. Mengine alitufundisha yeye, na mengine tulifundishwa na makosa yetu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, umbali. Jicho la mtu haliwezi kusoma barua iliyobandikwa puani, na simu nayo ni vivyo hivyo. Simu nyingi haziwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu kuliko sentimita 7 hata 10. Simu nyingine za siku hizi zina lenzi iliyofanywa kwa kazi ya karibu, nazo hufika sentimita chache tu. Mwenye nayo ashukuru. Asiye nayo na atafute kioo cha kukuzia, kile ambacho wazee hutumia kusomea, akiweke kigusane na lenzi ya simu. Kioo chenye kukuza mara 10 hutaka kitu kiwe umbali wa kama sentimita 2 na nusu. Ziko pia lenzi ndogo za kubana juu ya simu, nazo hazina gharama kubwa. Mwenye kamera ambayo lenzi yake hutoka aweza kutia kati ya kamera na lenzi bomba tupu lisilo na kioo. Lenzi ya milimita 50 ikitiwa bomba la milimita 50, picha ndani ya kamera huwa na ukubwa ule ule wa kitu chenyewe. Ndiyo maana ya "moja kwa moja" katika maneno ya mafundi.

Pili, nuru. Tulipiga picha yetu ya kwanza tukiwa tumeinamia mmea, na kivuli chetu kikamfunika mdudu. Mkaribie mdudu upande ambao hutamzibia nuru. Nyumbani, mahali pazuri kuliko pote ni meza iliyo karibu na dirisha, jua lisipoingia moja kwa moja. Weka kitu juu ya meza, kisha upande usioelekea dirisha simamisha karatasi nyeupe. Karatasi ile huirudisha nuru na kulainisha kivuli. Nuru kali ya flashi hufanya mgongo wa mdudu umeremete kama sufuria mpya, na alama zake zote hupotea. Kama hapana budi kuitumia, izibe kwa karatasi nyepesi nyeupe.

Tatu, utulivu. Kadiri tunavyokikaribia kitu, ndivyo kila mtikiso unavyozidi kuonekana. Hata pumzi ya mpiga picha ni tufani kwa sisimizi. Sisi hatuna stendi ya miguu mitatu, bali tuna mfuko mdogo uliojazwa maharagwe. Simu huegemezwa juu yake, nao hujikunja na kuishika. Kisha tunaiagiza simu ijipige yenyewe baada ya nukta 2, ili kidole chetu kisiitikise. Shambani hutua viwiko magotini, tukazuia pumzi, ndipo tukapiga.

Nne, na hapa wengi hukata tamaa: katika picha za karibu, sehemu iliyo wazi ni nyembamba mno. Kamera ikionyesha kitu kwa ukubwa wake wenyewe, huenda unene ulio wazi usipite milimita 1. Jicho la nzi litaonekana, na bawa lake litakuwa ukungu. Mwenye kamera aweza kupunguza tundu la lenzi, na unene huo utaongezeka. Lakini nuru itapungua, na tundu likizidi kuwa dogo mno picha yote huanza kufifia. Dawa iliyo bora ni kuchagua. Jiulize, nataka kuonyesha nini? Kama ni kichwa, gusa kichwa kwenye kioo cha simu ili ilenge hapo. Halafu isogeze simu yote mbele na nyuma kwa unene wa kucha, ukipiga picha nyingi. Katika picha 20, moja itakuwa njema. Mdudu akitazamwa kwa ubavu, mwili wake wote hukaa katika unene ule mmoja, nao huonekana wazi tangu kichwa hata mkia.

Tano, saa. Alfajiri, baridi ikiwa bado ipo, wadudu wengi ni wazito, hawana mbio. Anayeamka mapema hupata nyuki aliyelala juu ya ua na tone la umande mgongoni. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika kazi hii huinama hata magoti yakachafuka.

Basi siku ya tatu, kabla ya jua kupanda, tulirudi shambani pamoja na mwalimu yule, mfuko wa maharagwe na kioo cha kukuzia. Tulipiga picha 34. Tatu zilikuwa njema. Katika moja kichwa cha kiwavi kilionekana wazi, cheusi-cheusi, na juu yake mistari myeupe iliyokutana kama herufi Y iliyopinduliwa. Katika nyingine, karibu na mkia, yalionekana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Tukazituma. Jioni ile ile bwana shamba akajibu: "Ni kiwavijeshi vamizi. Hakuna shaka."

Akatueleza kwamba asili ya mdudu huyu ni Marekani, Kaskazini na Kusini. Mwaka 2016 alionekana Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata, 2017, alikuwa amekwisha kufika Kenya na kwetu Tanzania. Nondo wake huruka usiku na kuchukuliwa na upepo safari ndefu, kisha hutaga mayai mengi kwa fungu moja juu ya majani. Kiwavi hupenda mahindi kuliko mazao mengine, na mchana hujificha ndani ya moyo wa mmea. Hiyo ndiyo sababu wazee hawakupata kumwona zamani, na hiyo ndiyo sababu muhogo wa bibi ulisalia.

Wazee walikutana chini ya mwembe. Simu ikapita mkono kwa mkono. Jirani yetu aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu, asiseme neno. Halafu aliomba kioo cha kukuzia, akaenda peke yake katika shamba lake. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi alisema, "Kila nimpataye ana alama ile ile." Kisha akashika njia ya kwa bibi, nasi tukamfuata kwa kuwa nasi tulikuwa na deni kwake.

Bibi alikuwa akimenya muhogo mlangoni. Alisikiliza yote. Akasema, "Nilijua mtakuja, wanangu. Ila mmechelewa." Hatukuwa na la kujibu.

Jirani yetu aliokota viwavi na mayai kwa mkono asubuhi na jioni, akatia majivu katika moyo wa kila mmea, kama wafanyavyo wakulima wengi wasio na fedha ya dawa. Aliokoa sehemu ya shamba, siyo lote. Mwaka ule nyumba yake ilikula muhogo, nao ulitoka katika shamba la bibi. Bibi ameketi tena mahali pake kanisani. Lakini wako watu wawili watatu ambao hata leo hawampi mkono. Picha yaweza kuondoa uongo machoni. Kuuondoa moyoni ni kazi ya Mwingine.

Msidhani kwamba kazi hii ni ya wataalamu tu. Huko Jericho, katika jimbo la Vermont, Marekani, alikuwako mkulima jina lake Wilson Bentley. Mama yake, aliyekuwa mwalimu zamani, alimpa hadubini kuukuu alipokuwa na miaka 15. Kijana akaiunganisha na kamera, na tarehe 15 Januari 1885 akapata picha ya chembe moja ya theluji. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Aliendelea hata kufa kwake mwaka 1931, akiwa amepiga picha zaidi ya 5,000, naye aliishi siku zote katika shamba lile lile. Kila asomaye Kitabu cha Ayubu hukumbuka jinsi Mungu alivyomwuliza mtumishi wake habari za theluji. Mkulima huyu alitumia maisha yake kuzitazama hazina hizo, na chanzo chake ni zawadi ya mama nyumbani.

Basi, wazazi, anzeni na vilivyomo jikoni. Mwageni chembe za chumvi juu ya kitambaa cheusi, mzipige picha kwa karibu: watoto wataona vijisanduku vyenye pembe sawasawa, ambavyo hakuna seremala aliyevipiga randa. Kisha sukari, unyoya wa kuku, upande wa chini wa jani la maharagwe. Buibui mdogo arukaye ukutani ana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa kama taa za gari. Walimu, wapeni wanafunzi kioo kimoja cha kukuzia kwa zamu, kila mmoja achore alichokiona kabla ya kuonyeshwa picha. Mithali humtuma mvivu kwa chungu. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuuona uso wa chungu?

Twaongeza maonyo matatu. La kwanza, msimtese kiumbe kwa ajili ya picha. Mkimaliza, mrudisheni mahali pake, isipokuwa ni mwizi wa chakula chenu. La pili, watoto wasishike viwavi wenye manyoya, maana wengi huwasha vibaya. La tatu ndilo kubwa: msiongeze wala kupunguza neno katika picha. Tungaliweza kuichora ile Y kwa mkono, na labda watu wangaliamini upesi zaidi. Lakini amri inayokataza ushahidi wa uongo haikusema kwamba ushahidi ule ni wa kinywa tu.

Nasi twajifunza neno jingine, ambalo ni gumu zaidi. Tulikuwa hodari wa kumsogelea kiwavi kwa sentimita 2 na nusu, na hali nyumba ya bibi, iliyo hatua mia mbili kutoka kwetu, ilitushinda kuifikia kwa majuma mawili. Mwenye kutaka kuona vyema, na aanze kwa kukaribia.

Neema iwe pamoja na nyumba zenu zote.